Mlimani Watu Huhesabiwa: Maneno kwa Wanaklabu Kabla ya Bondwa

(Hotuba ya mwalimu wa mazoezi wa klabu ya wakimbiaji mjini Morogoro, kwenye mkutano wa kufungua msimu wa mbio za mlima. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi ya simu na kupunguzwa kidogo.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Akina mama na vijana, habari za jioni. Nimepewa dakika ishirini, na Katibu ananiangalia kwa lile jicho lake, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Kamati imekubali tuwe na mbio zetu wenyewe za mlima: kutoka mjini, kupitia Morningside, mpaka chini ya minara ya Bondwa, kile kilele cha Milima ya Uluguru, na kurudi. Tangu habari itoke, maswali ninayoulizwa ni matatu tu. Medali itakuwaje? Fulana ya rangi gani? Supu tutanywea wapi? (Kicheko.) Cheka tu, lakini hakuna aliyeniuliza swali ambalo mimi linaninyima usingizi: jioni ile, tutajuaje kwamba kila aliyepanda ameshuka?

Tumezoea barabara. Sasa hivi nchi nzima iko barabarani. Alphonce Simbu ametuletea dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo mwaka 2025, ya kwanza katika historia yetu, na kila mtaa umeanzisha jogging. Ni jambo jema sana. Lakini barabarani ukiishiwa nguvu unakaa pembeni, bodaboda inakuchukua, ukifika nyumbani unasema goti lilikusumbua. Hakuna atakayekutafuta kwa sababu huwezi kupotea. Juu ya Morningside mambo si hayo. Ukungu ukishuka saa nane mchana, mwenzako aliye hatua thelathini mbele humwoni, na sauti kwenye msitu ule huwezi kujua inatoka upande gani.

Hebu tuuangalie mlima wenyewe. Mji wetu uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Bondwa inapita mita 2,100. Maana yake mtu anapanda zaidi ya mita 1,500 kabla hajaanza hata kufikiria kurudi. Huko Scotland kuna mbio za Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, na wenyewe wanaziheshimu kweli kweli. Ule mlima una mita 1,345, na wanaanzia karibu na bahari. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba hii ni jogging ya Jumapili iliyoinuliwa kidogo. Tunachokiandaa ni kitu kikubwa, na watakaokifanya ni watu wa kawaida: mwalimu, fundi cherehani, dereva, mama wa genge. Hakuna hapa anayelipwa kukimbia.

Hao Waingereza nimewataja kwa sababu mchezo huu wa watu wa kawaida kukimbia milimani kwa klabu ulikomaa kwao, kwenye milima ya kaskazini, kati ya wachungaji wa kondoo na waongoza wageni. Mwaka 1932 mwenye hoteli ndogo ya mji wa Keswick, Bob Graham, alipita vilele 42 ndani ya saa 24. Si mwanariadha aliyetoka kwenye kambi. Ni mwenye nyumba ya wageni, miguuni raba za tenisi. Njia yake ina zaidi ya kilomita 100, na mpaka leo watu wanaifuata. Ukifanikiwa unaingizwa kwenye orodha ya waliomaliza. Sasa sikilizeni sharti lao, ndilo lililonifanya niwapende: kila kilele lazima uwe na mtu wa kukushuhudia. Huwezi kwenda peke yako usiku ukarudi ukasema nimemaliza. Wenzako wa klabu wanagawana njia, huyu anakusindikiza kipande hiki akibeba chakula chako, yule anakupokea kipande kinachofuata, na wanaandika saa uliyofika. Jina linaloandikwa ni moja, lakini walioukesha usiku ule ni wengi.

Nawaomba tuanze na hilo. Kabla ya rangi ya fulana.

Sasa niseme jambo zito kidogo. Tarehe 22 Mei 2021, mkoa wa Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, watu 172 walianza mbio za milimani za kilomita 100. Asubuhi walikuwa wanapiga picha kama sisi tunavyopiga. Mchana hewa ikageuka: upepo mkali, mvua ya baridi, barafu. Sehemu iliyowakamata ilikuwa mpando wa karibu mita 1,000 ambao gari halifiki. Wengi walikuwa na kaptula na fulana nyepesi, kwa sababu koti la kuzuia upepo halikuwa limewekwa kuwa lazima. Wakafa watu 21. Na msidhani ni wale wa nyuma, waliokuja kwa kubahatisha; kati yao alikuwemo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji bora wa masafa marefu nchini mwao. Waliokuwa mbele ndio walioingia kwanza kwenye ile dhoruba.

Sita waliokolewa na mchungaji wa kondoo, Zhu Keming. Alikuwa amejikinga pangoni, akasikia watu wanahangaika, akawaingiza, akawasha moto, akawafunika. Huyo hakuwa kwenye kamati ya mbio wala hakuwa na fulana ya waandaaji.

Najua mtasema: mwalimu, huku hakuna barafu. Ni kweli. Lakini baridi inayomlegeza mtu haihitaji barafu. Inahitaji vitu vitatu: nguo iliyolowa, upepo, na mwili uliokwisha nguvu. Joto la nyuzi kumi na kitu linatosha kabisa. Pale chini ya minara, mwezi wa Juni na Julai, wale mliowahi kulala mnaujua ule ubaridi. Mtu amepanda kwa muda wa saa tatu, jasho limemwagika, fulana ya pamba imeshika maji kama ilivyo, akisimama dakika kumi kupiga picha anaanza kutetemeka. Akiendelea kukaa, ulimi unakuwa mzito, anajikwaa, anaanza kusema maneno yasiyo na mpangilio. Ukiona mwenzako yuko hivyo, mbio zako zimekwisha hapo hapo. Mvue iliyolowa, mvike kavu, mpe kitu kitamu, mshuke pamoja. Muda wako tutauandika pembeni.

Kwa hiyo kamati imekubaliana hivi, na nitasema kwa sauti ili asiwepo wa kudai hakusikia. Kila mmoja atabeba koti la mvua, filimbi, maji, chakula kidogo na simu yenye chaji. Tutakagua mwanzoni, na aliyekosa kimoja hataanza, hata akiwa Mwenyekiti. (Makofi, Mwenyekiti ananyoosha mikono.) Vituo vitakuwa vitatu: Morningside, mpaka wa msitu, na kileleni. Kila kituo kina daftari. Unapita kwa kutaja namba yako, na husogei mpaka usikie mtu wa kituo ameirudia. Unapanda, unaandikwa, unashuka, unaandikwa tena. Asiyefika Morningside kwa saa tuliyopanga anageuzia pale pale, bila mjadala, na bila kumtukana kijana wa kituo, maana nawafahamu wengine humu. Na nyuma ya wote watatembea watu wawili ambao kazi yao ni kuwa wa mwisho. Hakuna mkimbiaji atakayekuwa nyuma yao.

Sharti kubwa kuliko yote ni hili. Ukiacha mbio, popote ulipoachia, unakuja mstari wa mwisho kuripoti. Hata kama umeshuka kwa bodaboda. Hata kama unaona aibu. Hata kama mama mkwe amekuja na anakusubiri nyumbani. Fikirini: wewe uko kwako, umeoga, unakunywa chai, na huku wenzako kumi wanaingia msituni usiku na tochi kukuita jina. Mmoja wao akivunjika mguu kwenye jiwe la utelezi, utamwambia nini mke wake? Kwa wenzetu wenye mazoea ya mbio hizi, kosa la kuondoka bila kuripoti linahesabiwa zito kuliko kukata njia. Na sisi litakuwa hivyo hivyo: atakayelifanya hatakimbia nasi msimu unaofuata.

Naona uso wa Katibu umelegea, ngoja nizungumzie miguu.

Kuna watu wanaona haya kutembea. Wakiwa na namba kifuani wanadhani kutembea ni kushindwa. Basi niwaambieni, Uswisi kuna mahali panaitwa Fully, wanapanda mita 1,000 kwa umbali usiofika hata kilomita mbili. Mwaka 2017 Philip Götsch alipanda pale kwa dakika 28 na sekunde 53. Kwenye njia kali namna ile watu wanatembea! Wanatembea kwa kasi, wanasukuma na fimbo mbili, lakini ni kutembea. Mwinuko ukishakuwa mkali, kukimbia kunakula nguvu nyingi kuliko kutembea kwa mwendo ule ule, na hilo limepimwa na wataalamu. Kwa hiyo kutoka Morningside kwenda juu, weka viganja juu ya mapaja, inama kidogo kutoka kiunoni, hatua fupi, kisigino kikipata pa kukaa kikae. Kipimo changu ni cha kizamani: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, tembea. Wale vijana watakaokupita wakikimbia pale chini, utawakuta kwenye jiwe la tatu wameshika viuno.

Lakini kupanda si tatizo letu. Anayepanda vibaya anachoka tu. Anayeshuka vibaya anaumia.

Mnakumbuka tuliporudi kutoka mlimani mara ya mwisho, siku ya pili yake nusu ya klabu ilikuwa inashuka ngazi kinyumenyume? Ile haikuwa kazi ya kupanda. Unapopanda, misuli ya paja inafanya kazi ikijikunja. Unaposhuka, inafanya kazi huku inavutwa, kama breki ya lori la mizigo kwenye mteremko, na nyuzi ndogo ndogo za misuli zinachanika. Maumivu hayaji siku ile. Yanakuja kesho yake na keshokutwa. Jambo la kufurahisha ni kwamba mwili unajifunza upesi. Ukiuonjesha mteremko mara moja kwa kiasi, wiki kadhaa zinazofuata mteremko ule ule hauuumizi vile. Ndiyo maana ratiba mpya ina siku ya kushuka, ambayo wengi mmeilalamikia. Tunapanda tukitembea polepole, tunashuka tukikimbia. Wiki mbili za mwisho kabla ya mbio tunaiacha, miguu ipone.

Namna ya kushuka sitawafundisha mimi. Walimu wapo na hawatozi ada. Nendeni alfajiri kwenye njia za kutoka vijiji vya juu, mkawatazame akina mama wa Kiluguru wanavyoshusha ndizi, karoti, kabichi na stroberi kwenda Soko la Chifu Kingalu. Kichwani ngata, juu ya ngata tenga, juu ya tenga wakati mwingine fungu la majani ya kufunikia. Mguuni ndala, na ndala zenyewe zimekwisha. Tazama magoti yake: yamelegea, hayajakazwa. Hatua ni fupi na za haraka, mguu unatua chini ya mwili, hautangulii mbele. Haegemei nyuma. Sisi tukiogopa mteremko tunaegemea nyuma, na hapo ndipo kisigino kinateleza tunakaa chini kwa nguvu. Na macho yake hayako kwenye vidole vya miguu, yako hatua tatu au nne mbele. Lile jiwe la sasa alishaliona zamani. Anabeba mzigo ambao sisi tukiunyanyua jimu tunaupigia picha, na anaongea na mwenzake njia nzima, na kama yupo wa kusutwa anasutwa.

Kwa sababu hiyo nyongeza ya kanuni: njia ni ya mwenye mzigo. Ukikutana na aliyebeba, unasimama pembeni, upande wa bonde usimwachie yeye, unamwamkia, akishapita unaendelea. Hata kama unaongoza mbio. Tutaweka mtu wa kuangalia hilo.

Na kabla ya kuweka alama hata moja ya rangi kwenye njia, tutakwenda kwa wazee wa vijiji tunavyopita, kukaa na kuomba, siyo kutangaza. Milima hii ina historia ya wageni wanaokuja na mipango. Mwaka 1955 Waluguru walisimama dhidi ya serikali ya kikoloni iliyowalazimisha kuchimba matuta kwenye mashamba yao. Hatutaki kuwa watu wengine wa mjini wanaopita katikati ya njegere za mtu wakipiga mluzi. Juu ya mashamba kuna hifadhi ya msitu chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na kibali chake Katibu anakishughulikia. Taka za plastiki zinarudi chini na aliyezibeba. Maji ya Mto Ruvu wanayokunywa Dar es Salaam yanaanzia kwenye milima hii. Tusiwatumie na chupa zetu.

Kijana mmoja aliniambia juzi, mwalimu, haya mambo ya kukimbia milima ni ya Wazungu. Nikamwambia akatafute majina. Mwaka 2017, kule Premana, Italia, mashindano ya dunia ya mbio za mlima, wanaume alishinda Victor Kiplangat wa Uganda na wanawake akashinda Lucy Wambui Murigi wa Kenya, siku moja. Murigi akarudia mwaka uliofuata, Andorra. Kiplangat mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa marathoni, Budapest. Mlima haukumharibia kitu. Patrick Kipngeno wa Kenya amechukua ubingwa wa dunia wa kupanda mara mbili, 2022 na 2023. Na hapa kwetu Simon Mtuy wa Moshi alipanda na kushuka Kilimanjaro mwaka 2006, bila kusaidiwa na mtu njiani, kwa saa tisa na dakika kidogo. Tafadhali hilo msilijaribu. Kule juu hewa ni nyepesi, na watu wanakufa kwa kupanda haraka hata wakitembea.

Mwisho kwa wazee wetu, maana nimesikia minong'ono kwamba mbio hizi ni za vijana. Joss Naylor alikuwa mfugaji wa kondoo katika milima ile ile ya Bob Graham. Mgongo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni, akapasuliwa, madaktari hawakutarajia makubwa kutoka kwake. Mwaka 1975 alipita vilele 72 ndani ya saa 24. Mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 70, akapita vilele 70. Amefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 88. Sisemi mzee wangu pale mbele akafanye hivyo, naona mama ameshamkamata mkono. (Kicheko.) Ninachosema ni kwamba mlima unapenda mtu asiye na papara, na kwenye hilo vijana hawana cha kuwafundisha. Tutakuwa na kundi la miaka 40 na kuendelea, la 50, na la 60. Watoto watakimbia mbio zao fupi huku chini, hawataingia msituni.

Ada itakuwa ndogo, na ndiyo maana medali haitakuwepo. Pesa itakwenda kwenye usafiri wa watu wa vituo, maji, sanduku la huduma ya kwanza na gari moja la kusubiri pale barabara inapoishia. Supu ipo. Supu haijawahi kuwa hatarini.

Sasa nije kwenye lililoniinua hapa. Ili watu sitini wakimbie, tunahitaji wasiopungua kumi na wawili ambao siku hiyo hawatakimbia. Watapanda usiku wakiwa na mablanketi na chupa za chai, watakaa kwenye ukungu na daftari mapajani, na hawatapigiwa makofi na mtu. Daftari la kileleni nitalishika mimi. La mpaka wa msitu wamejitolea mama wa genge na mwanawe. La Morningside halina mtu, na wale wawili wa kutembea nyuma ya wote hawajapatikana. Katibu ana kalamu. Nani anaanza?